Mchungaji Leon Sullivan: aliyaandikia makampuni kanuni, kisha akayaambia yaondoke

Makampuni mengi yanayonunua madini yanasema yana kanuni za maadili. Historia ya mchungaji mmoja wa Marekani inatusaidia kupima maneno hayo.

Leon Sullivan, Mmarekani mweusi, aliongoza kanisa la Zion Baptist mjini Philadelphia toka mwaka 1950. Wakati ule viwanda viliuzia watu weusi bidhaa lakini viliwanyima kazi nzuri. Mwaka 1960, yeye na wachungaji wenzake wapatao 400 waliomba waumini wasinunue keki za Tastykake mpaka kampuni iwaajiri. Ilikubali, na makampuni mengine yakafuata. Lakini vijana wengi hawakuwa na ufundi uliotakiwa, kwa hiyo mwaka 1964 akafungua kituo cha mafunzo katika jengo la zamani la polisi.

Mwaka 1971 General Motors ilimwingiza katika baraza lake la wakurugenzi. Mwaka huohuo alisimama mbele ya wenye hisa, akaomba kampuni itoke Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa apartheid. Kura zikamshinda.

Mwaka 1977 akajaribu njia nyingine: kanuni sita. Weusi na weupe wasitengwe kazini. Kazi sawa, mshahara sawa. Weusi wafundishwe na wapandishwe vyeo, na maisha yao nje ya kiwanda yaboreshwe. Makampuni 12 yalitia sahihi kwanza. Baadaye yakapita 100.

Wengi walimlaumu: kula meza moja kiwandani hakumpi mtu haki ya kupiga kura. Mwaka 1985 akatoa muda wa miaka miwili apartheid ivunjwe. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo, ijapokuwa rais Reagan alivikataa. Muda ulipokwisha mwaka 1987, Mandela alikuwa angali gerezani. Sullivan akasema wazi kwamba kanuni zake hazikutosha, akayataka makampuni ya Marekani yaondoke.

Na sisi? Toka mwaka 2010 sheria ya Marekani inayataka makampuni yaliyo kwenye soko la hisa huko yachunguze na kueleza kama koltani, kasiteriti, wolframiti na dhahabu wanayotumia inatoka Kongo ao nchi jirani. Hata hivyo, vita havijaisha. Familia zilizokimbia maeneo ya machimbo zina haki ya kuuliza: nani anakagua ahadi hizo, na zisipotimizwa, tarehe ya mwisho ni ipi?