Wewe Kingi au Skochi? Zumari za mfuko kutoka Mombasa mpaka Maskati

Kila ikifika Novemba, wakati wa sherehe za Siku ya Taifa, video zile zile zinazunguka kwenye magrupu ya familia: askari wa Oman kwenye gwaride wanapiga zumari za mfuko, ile ala ya Waskoti yenye mfuko wa kubana kwapani na mabomba ya kulala begani. Wengine wanapiga wakiwa juu ya ngamia. Na swali linalofuata ni lile lile: sisi na Waskoti wapi na wapi?

Jibu fupi ni jeshi la Waingereza. Si uongo, lakini linakata hadithi katikati. Kama bibi au babu yako ni mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki, hasa Mombasa, basi watu wao walikuwa wameshaivaa sketi ya Kiskoti na kuipigia zumari yake barabarani, tena kwa mashindano, zamani kabla bendi za Oman hazijajulikana duniani. Kundi lao liliitwa Skochi, na wapinzani wao waliitwa Kingi.

Tunaandika haya kutoka Qantab, kijiji cha wavuvi upande wa pili wa majabali ya Al Bustan, kwa sababu huku ndiko tunakorekodi. Lakini safari ya leo inapita Glasgow, kisha inateremka Mombasa.

Kwanza, Oman yenyewe

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Zumari ya mfuko si mali ya Scotland peke yake. Huku Ghuba kuna habban, mfuko wa ngozi ya mbuzi uliotiwa filimbi, unaopigwa harusini na kwenye ngoma za watu wa pwani tangu zamani. Kwa hiyo sauti ile haikuletwa na meli ya Mwingereza. Alicholeta Mwingereza ni sare, mstari na gwaride.

Gwaride lilikuja na jeshi la Sultani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na maofisa wengi wa Kiingereza. Halafu kuna Sultan Qaboos mwenyewe. Alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na baada ya kumaliza mwaka 1962 alitumikia kwa muda katika kikosi cha Cameronians kilichokuwa Ujerumani. Kikosi hicho kilikuwa cha Kiskoti. Aliposhika nchi mwaka 1970 alileta na mapenzi yake ya muziki, na mwaka 1985 akaanzisha okestra ya taifa ya vijana wa Kiomani. Bendi za zumari zikakua katika jeshi, polisi na walinzi wa Sultani. Mwaka 2012, kwenye sherehe za miaka 60 ya Malkia Elizabeth kule Windsor, wapanda farasi wa Oman walikwenda na bendi yao, na ndani yake walikuwemo wanawake.

Lakini angalieni jambo moja. Gwaride la Siku ya Taifa ni maonyesho, na Windsor pia yalikuwa maonyesho. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Mashindano ni kitu kingine.

Glasgow: hakimu na karatasi yake

Mashindano makubwa kuliko yote ya bendi za zumari ni Ubingwa wa Dunia, unaofanyika kila Agosti kwenye uwanja wa Glasgow Green. Wenye mamlaka ni chama cha bendi za zumari cha Scotland, kilichoanzishwa mwaka 1930. Kwa mwaka mzima kuna mashindano makuu matano, na Ubingwa wa Dunia ndio kilele chake.

Kila kitu kimepangwa kwa madaraja. Bendi bora ziko Daraja la 1, halafu zinashuka mpaka la 4, na vijana wana madaraja yao. Ukifanya vizuri unapandishwa, ukilegea unateremshwa, kama ligi ya mpira. Mpigaji anasajiliwa kwa bendi moja tu. Huwezi leo kupiga na hawa, kesho na wale.

Siku yenyewe, bendi inaingia kwa mwendo wa gwaride na kufanya duara, nyuso zikitazama ndani. Yaani wanaopiga wanawapa watazamaji mgongo! Daraja la 1 wanapiga seti mbili. Moja ni ya miundo mitatu ya lazima, kuanzia mwendo wa gwaride hadi ngoma ya kasi. Ya pili ni mchanganyiko ambao bendi inajipangia yenyewe. Nje ya duara wanazunguka mahakimu wanne na karatasi zao: wawili wanasikiliza zumari, mmoja ngoma, mmoja jinsi bendi nzima inavyoshikana. Alama zikilingana, neno la huyu wa mwisho ndilo linaloamua.

Makelele ya watazamaji hayahesabiwi. Unaweza kushangiliwa na uwanja mzima ukatoka wa kumi. Na kwa vile anayehukumu ni karatasi, hata mgeni anaweza kushinda: mwaka 1987 bendi ya 78th Fraser Highlanders kutoka Kanada ilikuwa ya kwanza kulitoa taji nje ya Scotland.

Sasa shikeni picha hiyo, duara, mahakimu na karatasi, tushuke Mombasa.

Mombasa: mji mzima ni hakimu

Mwambao wa Waswahili ulikuwa ukishindana kabla ya bendi yoyote. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika mafungu mawili, Tatu na Tisa. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Upande mmoja ukicheza ngoma, wa pili haulali. Walishindana kwa mashairi, kwa mavazi, kwa ng'ombe waliochinjwa na kwa idadi ya watu waliolishwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 zikaja tarumbeta. Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alikuwa na bendi yake ya kifalme. Kule Freretown, karibu na Mombasa, wamisheni waliwafunza muziki wa tarumbeta watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Na vikosi vya Kiingereza vilipita na magwaride yao. Vijana wa mji wakatazama, wakajifunza, na kutoka neno la Kiingereza la bendi wakapata jina la ngoma mpya: beni.

Hapo ndipo wanapotokea Kingi na Skochi, mwanzoni mwa karne ya 20. Kingi, kama jina lenyewe linavyosema, walijipamba kwa ufalme. Skochi wakachukua Uskoti: sketi za miraba na zumari za mfuko. Hebu fikirini jua la Mombasa, sketi ya sufi, na mtaa mzima umejaa watu kutazama nani ametokea na nini.

Ndani ya makundi haya mlikuwa na vyeo. Ulikuwepo ufalme, ujenerali, na mabibi wakubwa wa upande wa wanawake. Ulilipa michango. Ukifiwa, wenzako walikuzika. Ukioza, walikuja na sufuria zao. Beni ilipoingia Tanganyika ilipata pande nyingine mbili, Marini na Arinoti, na mtumishi aliyehamishiwa mji mgeni aliweza kushuka stesheni akapokewa na watu wa upande wake ambao hajawahi kuwaona.

Na nani alihukumu? Hakuna karatasi. Hakimu alikuwa mji wenyewe. Ulishinda pale wimbo wako wa kumkejeli mpinzani ulipoimbwa na watoto wiki nzima, pale karamu yako ilipotajwa mpaka Lamu, na pale wenzako walipoona aibu kupita mtaani kwako. Kwa hiyo kushindwa hakuishi siku ile. Kulibaki na mtu sokoni, msikitini, harusini. Na mshindi naye hakuweza kupumzika, maana upande wa pili walikuwa wanajiandaa kujibu.

Ilikuwa kuiga tu?

Wazungu wengi wa zamani waliitazama beni wakacheka, wakasema hawa wanawaiga mabwana zao. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alilikataa jibu hilo. Alionyesha kwamba chini ya sare ngeni palikuwa na mashindano ya zamani ya mitaa ya Waswahili. Vazi lilitoka kwa Mwingereza, lakini mchezo ulikuwa wa wenyewe.

Tazameni pia tarehe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na kwenye mwambao wa Kenya mwaka 1907. Beni ilikuwa inakua miaka hiyo hiyo. Miji ilikuwa imejaa watu wanaojiuliza: sasa nani ni muungwana, na nani anaamua? Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, anaeleza jinsi vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyoweka kundi moja wanawake wa koo za waungwana na wanawake wa asili ya utumwa. Usawa kamili haukuwepo, na uongozi mara nyingi ulibaki kwa wenye majina. Lakini kusimama mstari mmoja, nguo sare, mbele ya mji mzima, halikuwa jambo dogo kwa mtu ambaye mama yake aliuzwa.

Wakosoaji walikuwepo, na hawakuwa wajinga. Mashindano yalikula pesa. Watu walikopa ili wasiaibike. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, na humo alikemea israfu na kuwaiga Wazungu. Hoja yake ilikuwa na uzito: pesa ile ingejenga skuli. Serikali ya Kiingereza nayo iliogopa kwa sababu zake. Chama chenye majenerali na matawi kutoka mji hadi mji kilikuwa ni kitu cha kutazamwa, hata kama majenerali wake hawakuwa na bunduki.

Kwa nini hatukuambiwa?

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya 1970 Oman ilipofungua milango, familia nyingi zilikuja huku na Kiswahili chao. Zilikuja na taarab pia. Kila nyumba inajua jina la Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja cha mwaka 1905, na wazee wanakijadili kwa fahari. Beni haikupata bahati hiyo. Haikufutika: Unguja bado inapita mitaani na harusini, na Mbwa Kachoka ni jina linalojulikana. Lakini katika mazungumzo ya sebuleni Maskati, ni nadra.

Tunadhani sababu ni heshima. Taarab ilikuwa na Sultani, udi na viti vilivyopangwa. Beni ilikuwa ya barabarani, na barabarani watu walichanganyika. Ukianza kuihadithia beni, utaulizwa nani alikuwa upande gani, nani alimlisha nani, nani alikuwa mtoto wa nani. Na humo kuna maswali ya asili na utumwa ambayo nyumba nyingi zimechagua kuyafunika kwa kimya. Ni rahisi zaidi kumwambia mjukuu kwamba sisi tulikuwa watu wa kasri.

Wengine wetu tulikuwa kweli. Lakini mji haukuwa kasri peke yake, na historia inayobakiza viti vilivyopangwa tu inawapoteza watu wetu wenyewe mara ya pili.

Ndiyo maana jibu la "jeshi la Waingereza" halitoshi. Linatufanya tuonekane tumesimama kando, tukipokea tu kinacholetwa. Skochi wa Mombasa hawakusimama kando. Waliichukua zumari, wakaishindanisha kwa kanuni zao, mbele ya hakimu wao. Glasgow mshindi anapewa kombe, Mombasa alipewa jina, na jina mtu aliweza kulibeba mpaka kaburini.

Basi hii ndiyo kazi ya mwezi huu. Wikiendi ukikaa na bibi, babu, shangazi au mjomba, usiwaulize "zamani maisha yalikuwaje", maana utajibiwa "mazuri, alhamdulillahi", na hadithi imekwisha. Waulize: mtaani kwenu kulikuwa na beni? Mlikuwa upande gani? Nani alikuwa akiwatungia nyimbo za kuwakejeli wenzenu? Omba ruhusa, washa simu, rekodi, hata kama Kiswahili chako kinajikwaa. Wakicheka, endelea. Wakinyamaza ghafla, usiwasukume. Mtilie bibi kahawa, subiri, kisha umuulize nani alikuwa akishona zile nguo.