Wakipsigis walivyoingia vitabuni

Anayeanza kusoma anthropolojia hukutana mapema na ukoo, rika, mahari na ujirani. Mtu wa Kericho au Bomet, huko Kenya waliko Wakipsigis, hahitaji maelezo marefu, kwani sehemu ya maarifa hayo ilichotwa kwa wazee wake. Kitabu cha J. G. Peristiany kuhusu taasisi za kijamii za Wakipsigis kilitoka London mwaka 1939, kikiwa na utangulizi wa Evans-Pritchard, mmoja wa vigogo wa taaluma hiyo.

Chukua ibinda, yaani rika. Majina yake, kama Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi, huzunguka, na jina huweza kurudi baada ya takriban miaka mia moja. Kijana aliyepashwa tohara hupata jina la rika lake na hufa nalo. Jina hilo humjulisha nani wa kumheshimu na nani wa kutaniana naye, na humfunga pia: binti wa mwanarika wako ni binti yako, huwezi kumposa.

Kokwet, yaani ujirani, nayo huunganisha watu wasio wa ukoo mmoja. Zamani maboma yalitawanyika mlimani, kila moja na shamba lake la wimbi, na majirani wakasaidiana kulima na kupalilia. Ng'ombe akivunja ua na kula wimbi la mwenzako, wazee waliketi chini ya mti, wakasikiliza pande zote mbili na kukadiria hasara. Hapakuwa na chifu wa kupiga muhuri. Wanaanthropolojia wa wakati ule walivutiwa mno na hilo, maana walitaka kujua jamii isiyo na mfalme husimama vipi.

Kabla ya Peristiany alikuwapo Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi Kericho miaka mingi na kuoa Mkipsigis. Mswada wake aliuandika huko huko Kericho kati ya 1929 na 1937, lakini kitabu hakikutoka hadi 1961, baada ya A. T. Matson kuufupisha na kuuhariri. Kwangu mimi, huyu ndiye anayestahili kusomwa kwanza. Mtu anayekaa na watu, akalea watoto nao, husikia mambo ambayo mgeni wa msimu hayasikii.

Hata hivyo, picha ya mila zilizotulia haitoshi, kwa sababu ardhi yenyewe haikuwa imetulia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 hapo Kericho kwa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 sheria maalumu ikawahamisha Talai, ukoo wa orkoiik, yaani viongozi wa kiroho, hadi Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Hivyo Wakipsigis waliandikiwa vitabu katika miaka ile ile waliyokuwa wakinyang'anywa malisho na viongozi wao wa kiroho.

Uhusiano wa ardhi na ndoa ulikuja kuchunguzwa kwa makini na mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder miaka ya 1980. Alihesabu mahari, mashamba na ndoa za familia zilizohamia Abosi, akaona kwamba wanawake walielekea kwa wanaume ambao bado walikuwa na ardhi ya kutosha kumgawia mke mpya. Kwa kazi hiyo mahari ilionekana kuwa mazungumzo ya kiuchumi ambayo hubadilika kadiri mashamba yanavyopungua. Mila ile haikuwa imeganda.

Swali la nani aliishi wapi, na wa ukoo gani, bado lina uzito. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa kuwafukuza babu zao kwenye ardhi ambayo leo ina chai.