Maria Salome: Ngoma ya Kihaya iliyowachezesha hata wasiojua Kihaya

Mwaka 2001 redio za Tanzania zilikuwa zimeshikwa na Bongo Fleva. Majina yaliyosikika kila kona yalikuwa ya akina Juma Nature, Profesa Jay na Lady Jaydee. Katikati ya moto huo akatokea dada wa kijijini kutoka Kagera, anaimba kwa lugha ya kwao huku ngoma zikilia nyuma yake. Watu wakaacha walichokuwa wanafanya, wakacheza.

Dada huyo ni Saida Karoli. Wimbo ni Maria Salome, ambao wengi wanaujua zaidi kwa jina la Chambua Kama Karanga.

Saida ni nani?

Saida alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji cha Rwongwe, Bukoba. Ni Mhaya, na muziki wake umetoka moja kwa moja kwenye ngoma za Kihaya. Aliyemtoa kimuziki ni meneja Felician Mutta, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 2001 ikiwa na wimbo huo uliombeba.

Kwa nini ulibamba?

Sehemu kubwa ya wimbo ni Kihaya. Kwa msikilizaji wa Bashay, ambaye nyumbani anaongea Kiiraqw, hiyo ni lugha ya mbali kabisa. Kihaya ni lugha ya Kibantu, Kiiraqw ni ya Kikushi. Hata salamu hazifanani.

Lakini wimbo ulikuwa na vitu viwili ambavyo havihitaji mkalimani.

Cha kwanza ni mdundo. Ngoma inaanza taratibu, mwili unaitika kabla akili haijauliza maneno yana maana gani. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za kwao, ziwe za Wairaqw, Wagogo au Wasukuma, anajua pa kuweka mguu.

Cha pili ni yale maneno machache ya Kiswahili, chambua kama karanga. Kila aliyewahi kukaa na sinia la karanga mapajani anaijua kazi hiyo. Ndiyo maana watu waliupa wimbo jina hilo.

Ulivyosambaa bila YouTube

Wakati ule hakukuwa na YouTube wala WhatsApp. Wimbo ulisafiri kwa kaseti, redio, televisheni chache zilizokuwepo na spika za mabasi. Kwenye harusi, MC akiweka Saida, wazee na vijana waliinuka pamoja. Bongo Fleva ya wakati ule haikuweza hilo kirahisi, maana wazee wengi waliiona ni muziki wa wahuni.

Na haukuishia Tanzania. Uganda ulipokelewa kama wa nyumbani, kwa sababu Kihaya kiko karibu na lugha za magharibi na kusini mwa nchi hiyo. Rwanda, Burundi na Kenya nako Saida akawa jina kubwa.

Baada ya moto, kimya

Saida alitoa nyimbo nyingine zilizopendwa, ikiwemo Mapenzi Kizunguzungu. Baadaye akapotea masikioni mwa watu. Kimya kikawa kirefu mpaka ukazuka uvumi kwamba amefariki dunia. Haukuwa wa kweli.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Video yake ilitazamwa na mamilioni ya watu YouTube. Vijana waliozaliwa baada ya 2001 wakaanza kuuliza: huyu Maria Salome wa mwanzo aliimbwa na nani? Mwaka 2017 Saida mwenyewe akarudi na wimbo mpya, Orugambo.

Funzo kwa msanii wa kijijini

Wasanii wengi wa mikoani wanaamini huwezi kutoboa bila kuimba Kiswahili cha Dar es Salaam. Maria Salome inaonyesha vingine. Lugha ya kwenu si kizuizi, ila mdundo ushike na msikilizaji apewe walau neno moja la kuondoka nalo.

La pili ni haki. Wimbo wa kwanza unaweza kurudi kuingiza pesa miaka 15 baadaye, na hapo ndipo swali la nani anaumiliki linapouma. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayosajili kazi za wasanii. Haki ya mtunzi, ya mwimbaji na ya aliyegharamia kurekodi ni vitu vitatu tofauti. Kabla hujaweka saini, uliza unauza ipi na unabaki na ipi.