Tezi Nje ya Tandiko Lake: Historia ya Utambuzi na Tiba ya Uvimbe wa Pituitari Ulio Mahali Pasipo pa Kawaida

Mwaka 1909 mwanapatholojia wa Vienna, Jakob Erdheim, alichapisha kwa Kijerumani makala fupi kuhusu uvimbe wa pituitari uliokutwa mahali pasipotarajiwa. Mgonjwa aliyehusika alikuwa na akromegali, ule ugonjwa wa kukua kupita kiasi kwa mikono, miguu na mifupa ya uso ambao Pierre Marie aliupa jina mwaka 1886. Kufikia wakati huo wataalamu wengi walikuwa wamekwisha kukubali kwamba chanzo cha akromegali kimo katika tezi ya pituitari, tezi ndogo isiyozidi ukubwa wa punje ya kunde, iliyokaa chini ya ubongo ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wanaanatomia walikiita tandiko la Kituruki kwa jinsi kinavyofanana na tandiko la farasi. Kwa mgonjwa wa Erdheim tezi iliyokuwamo katika tandiko haikuwa na kasoro. Uvimbe ulikuwa chini yake, ndani ya mfupa wa sfenoidi, nao ulikuwa wa seli za pituitari.

Erdheim hakulifikia jambo hilo kwa bahati tupu. Tangu mwaka 1838 ilijulikana, kwa kazi ya Martin Heinrich Rathke, kwamba sehemu ya mbele ya pituitari haizaliwi ubongoni bali katika paa la kinywa cha kiinitete: ngozi laini ya mahali hapo hubonyea kama kifuko, kifuko hupanda juu kuelekea ubongo, na shingo yake hukatika kadiri fuvu linavyojifunga chini yake. Safari ya namna hiyo huacha masalia njiani. Mwaka 1904 Erdheim mwenyewe alikuwa amekwisha eleza visiwa vya seli vilivyobaki kando ya njia hiyo na vivimbe vinavyoweza kuota kutokana navyo. Kwa hiyo alipokutana na mgonjwa wa mwaka 1909 tayari alikuwa na ramani mkononi. Katika paa la koo, nyuma ya pua, watu wengi hubaki na kipande kidogo cha tishu ya pituitari maisha yao yote bila kujua na bila kudhurika. Maelezo haya yanatosha kwa vivimbe vya sfenoidi, vya mfupa wa klivasi na vya koo la juu, maana mahali pote hapo pamo katika njia ya kifuko. Vile vinavyoota juu ya tandiko, karibu na bua linaloiunganisha tezi na ubongo, vinahitaji maelezo mengine, na mabishano juu yake hayajakwisha: wengine huona kwamba hutokana na seli za tezi zilizopanda pamoja na bua hilo na kubaki nje ya utando unaofunika tandiko.

La kushangaza ni kwamba elimu hii haikuingia katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1907, miaka miwili kabla ya makala ya Erdheim, Hermann Schloffer wa Innsbruck alikuwa ameondoa uvimbe wa pituitari kwa kupitia puani na katika uwazi wa mfupa wa sfenoidi. Oskar Hirsch wa Vienna na Harvey Cushing wa Marekani wakaiboresha njia hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Njia ya mpasuaji ilipita mahali palepale ambapo Erdheim alikuta uvimbe wake, lakini mpasuaji alipahesabu kuwa ukumbi tu wa kuingilia. Aliibandua ngozi laini ya ukumbi huo, akaitupa, akaendelea na safari yake ya kulifikia tandiko.

Eksirei nayo ililipa tandiko uzito zaidi. Kwa kuwa tezi yenyewe haikuonekana katika picha, madaktari walitazama mfupa unaoizunguka: tandiko lililopanuka lilikuwa dalili ya uvimbe, na tandiko la kawaida likachukuliwa, isivyo haki, kuwa dalili ya usalama. Hivyo kwa zaidi ya nusu karne ugonjwa wa pituitari ulipewa anwani moja tu. Mwenye uvimbe uliokaa kwingine hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Gharama ya msimamo huo ilionekana zaidi kwa wagonjwa wa Cushing. Mwaka 1932 Cushing alieleza jinsi vivimbe vidogo vya pituitari vinavyoweza kuleta unene wa kiwiliwili, uso wa mviringo, michirizi ya ngozi, shinikizo la damu na udhaifu wa mifupa. Vivimbe hivyo mara nyingi ni vidogo mno kuweza kulipanua tandiko. Kotisoni ilipoanza kupatikana kwa matibabu katika miaka ya 1950, ikawezekana kuziondoa tezi zote mbili za adrenali na mgonjwa akaishi kwa kumeza homoni. Tiba hiyo iliokoa watu wengi. Lakini ilinyamazisha matokeo ya uvimbe tu, wenyewe ukaachwa. Mwaka 1958 Don Nelson na wenzake walieleza mgonjwa ambaye, baada ya kuondolewa adrenali, uvimbe wake wa pituitari ulikua na ngozi yake ikawa nyeusi. Ikiwa hayo yaliweza kutokea ndani ya tandiko, mahali palipojulikana, ni rahisi kufikiri yaliyoweza kutokea katika sfenoidi au klivasi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama.

Hapo ukazuka mkanganyiko wa istilahi ambao bado unawasumbua wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Grant Liddle na wenzake walionyesha kwamba saratani ya mapafu na vivimbe vingine visivyo vya pituitari vinaweza kutengeneza ACTH, homoni inayoziamsha adrenali. Hali hiyo wakaiita ya homoni iliyo nje ya mahali pake. Tofauti ni kubwa: kwa Liddle ni homoni iliyohama, na kwa Erdheim ni tezi. Walakini neno ni lilelile, na daktari aliyesikia kwamba ACTH ya mgonjwa inatoka nje ya mahali pake alianza kupekua mapafu na kongosho, si mfupa ulio vidole viwili nyuma ya pua.

Mageuzi yaliletwa kwanza na damu, kisha na picha. Upimaji wa homoni kwa mionzi, uliobuniwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson mwishoni mwa miaka ya 1950, uliwezesha kuthibitisha kwamba homoni imezidi hata pale picha inaposema hakuna kitu. Katika miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal aliingiza hadubini katika upasuaji wa kupitia puani, akaonyesha kwamba uvimbe wa milimita chache unaweza kuondolewa na tezi ikabaki. Picha za kompyuta zilipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1971, na MRI katika mwongo uliofuata, tishu yenyewe ikaonekana, ndani na nje ya tandiko. Mwaka 1991 Edward Oldfield na wenzake walichapisha matokeo ya kuchukua damu katika mishipa ya petrosali, inayopokea damu ya pituitari. ACTH ikiwa nyingi huko kuliko mkononi, chanzo ni pituitari. Kipimo hiki kinatenga vizuri uvimbe wa pituitari na ule wa mapafu. Hata hivyo damu ya uvimbe wa sfenoidi inaweza kupita katika mishipa hiyohiyo. Kwa hiyo kipimo kinaweza kumpeleka mpasuaji kwenye tandiko lisilo na kitu. Ndiyo sababu, pale ambapo tandiko limepekuliwa na uvimbe haukupatikana, inafaa kuzirudia picha za sfenoidi na za eneo la juu ya tandiko kabla ya kuikata tezi nzima au kuzigusa adrenali. Na ngozi laini ya ule ukumbi inastahili kupelekwa maabara badala ya kutupwa.

Kosa la upande wa pili halina uhusiano na homoni. Mgonjwa huenda kwa daktari wa pua na koo kwa sababu pua imeziba, inatoka damu, kichwa kinauma au anaona vitu viwiliviwili. Picha inaonyesha uvimbe unaokula mfupa wa klivasi. Orodha ya kutisha hufuata: kodoma, saratani ya koo la juu, saratani ya seli zenye asili ya neva na homoni. Chini ya hadubini, kwa rangi za kawaida, kipande kidogo cha uvimbe wa pituitari kinaweza kufanana sana na saratani hizo. Aliyesomewa vibaya kipande chake huweza kupewa mionzi mikali, dawa za kemikali au upasuaji mpana wa chini ya fuvu kwa ugonjwa ambao mara nyingi si hatari kiasi hicho. Kinga yake ni rahisi kwa namna ya kusikitisha. Kwanza ni kupima prolaktini kabla ya kisu: uvimbe unaotoa prolaktini kwa kawaida husinyaa kwa dawa za kumeza, bromokriptini tangu miaka ya 1970 na kabagolini baadaye, hata ukiwa umekaa katika klivasi. Pili ni kwa mwanapatholojia kuzitafuta homoni zenyewe ndani ya seli kwa imunohistokemia. Lakini hazitafuti asiyewaza pituitari.

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 ulipunguza utegemezi huo wa homoni kwa kutumia protini tatu za ndani ya kiini cha seli, PIT1, TPIT na SF1, zinazoonyesha ukoo wa seli ya pituitari hata pale isipotoa homoni yoyote. Kwa vivimbe vya nje ya tandiko hatua hiyo ina thamani kuliko kwa vingine, kwani kule tandikoni mahali penyewe hutoa ushahidi, na katika klivasi ushahidi wote umo katika seli. Uainishaji wa mwaka 2022 ukaongeza mgogoro mpya: jina la zamani, adenoma, lilibadilishwa ili vivimbe hivi vihesabiwe katika jamii ya vivimbe vya neva na homoni. Waliopinga walisema jina jipya litawatisha wagonjwa wenye uvimbe usio na madhara makubwa. Kwa aliye na uvimbe katika koo la juu hofu hiyo ina sura ya pekee, kwa kuwa jina jipya linakaribiana mno na lile la saratani ambayo mwanapatholojia wake alitakiwa kuitenga, na karatasi ya majibu husomwa na daktari wa mionzi ambaye hakukiona kile kipande chini ya hadubini.