Theluji ya Chumvi na Mama Asiyeonekana Pichani

Leo kaeni kitako, nina hadithi ndefu kidogo.

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Montreal, Kanada, alimtumia mama picha tatu kwenye simu. Wanawe wawili, mmoja wa miaka minne na mwengine hajatimiza miwili, wamevikwa makoti mpaka wamekuwa kama mito ya pamba, wamesimama kwenye theluji wanacheka. Mama akazitazama moja moja, akazivuta karibu, kisha akauliza: "Na mwanangu mwenyewe yuko wapi?" Sisi tukacheka, tukamwambia, si ndiye aliyepiga picha! Mama hakucheka. Mwaka wa tatu huu hajamuona.

Swali lile lilinikaa moyoni. Nikaanza kusoma habari za picha za watoto katika nchi za baridi, na nikagundua kuwa mama kutoonekana kwenye picha ya wanawe si jambo la leo.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1839 Wafaransa waliitangazia dunia njia ya Daguerre ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Siku zile kamera ilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu, wakati mwengine dakika kadhaa. Mtu mzima aliweza kujikaza, na hata yeye aliwekewa chuma nyuma ya kichwa ili asitikisike. Lakini mtoto mchanga? Nyote mnajua. Mtoto hukaa kimya akilala tu, na akitikisa kichwa mara moja uso wote unakuwa ukungu.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaleta njia ya kioo kilichopakwa dawa. Hii ilikuwa ya haraka zaidi, lakini ilikuwa na mashaka yake. Kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, yote ndani ya dakika chache. Mpiga picha akitaka kutoka nje, ilimbidi abebe hema la giza, chupa za dawa na maji. Sasa fikiria kufanya hayo kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, maji yanaganda na vidole vimekufa ganzi. Jua nalo katika majira hayo huchelewa kuchomoza, hupita chini chini, na alasiri mapema limeshazama. Kwa hiyo familia zilipigwa picha ndani, katika studio za ghorofa ya juu zenye paa la kioo.

Na mtoto atatulizwaje? Dawa ilikuwa ile ile ya tangu dunia iumbwe: mama yake. Alikaa kwenye kiti, akampakata mwanawe na kumshika imara, kisha mpiga picha akamfunika mama gubigubi kwa shuka au pazia. Mtoto alionekana kama amekaa juu ya kiti kilichotandikwa nguo. Baadaye picha ilitiwa kwenye fremu yenye tundu la duara, kingo zikaficha kile kitambaa. Picha za namna hii zipo nyingi kutoka karne ya 19. Ukiangalia vizuri unaona umbo la bega chini ya shuka, au mkono mmoja umetokeza kumshika mtoto kiunoni. Mama yupo, na bila yeye picha isingepatikana, lakini uso wake haupo.

Sasa turudi Montreal. Mwaka 1856 alihamia huko Mskoti mmoja, William Notman, akafungua studio iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote Kanada. Wateja wake walitaka picha za majira ya baridi, wamevaa makoti ya manyoya na viatu vya kutembelea kwenye theluji, watoto wamekaa juu ya vigari vya kuteleza. Picha hizo walizipenda na waliwatumia jamaa zao Uingereza wawaone katika maisha mapya. Nje haikuwezekana kwa urahisi. Notman alifanya nini? Aliileta theluji ndani. Alitandaza manyoya meupe sakafuni yakawa vilima vya theluji, akamwaga chumvi juu ya nguo na ardhi ikawa theluji iliyoanguka sasa hivi. Bati la zinki lililong'arishwa likawa barafu ya kutelezea. Na akitaka theluji inayodondoka angani, alirusha matone madogo ya rangi nyeupe juu ya kile kioo cha picha.

Chumvi, dada zangu! Familia nzima imevaa makoti mazito ndani ya chumba, imezungukwa na chumvi, inajifanya inatetemeka.

Tusiwacheke sana. Katika kabati la mama kuna picha ya bibi yetu na watoto wake, iliyopigwa studio hapa mjini, na nyuma yao pamechorwa bahari na minazi. Bahari yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni! Mji Mkongwe ulikuwa na studio tangu karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, na Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Huko nako watu walivaa nguo zao bora, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, wakapeleka picha kwa jamaa walio mbali. Chumvi ya Notman na minazi ya rangi ni kitu kimoja: mtu anataka aliye mbali aone kwamba yeye yu mzima.

Mlango wa kutoka nje ulifunguliwa na kamera ndogo. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza Kodak, yenye filamu ya picha 100. Ilikuwa dola 25, si bei ya kila mtu. Kisha mwaka 1900 ikaja Brownie, kijisanduku cha kadibodi kwa dola moja tu. Jua likiwa kali, mama aliweza kuwatoa watoto uani akawapiga wakicheza. Theluji ikawa hata msaada, kwa sababu hurudisha mwanga usoni kama shuka jeupe lililoanikwa juani. Matatizo hayakwisha, kwani filamu kwenye baridi kali hukakamaa na kukatika, lakini chumvi haikuhitajika tena.

Matangazo ya Kodak yaliwalenga wanawake hasa. Mama akafanywa mtunza kumbukumbu wa nyumba, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini tazama kilichotokea. Zamani alikuwa chini ya shuka, sasa yuko nyuma ya kamera. Kwa mara ya pili hayupo.

Hapo ndipo nikamwelewa mama yangu. Yeye hakutaka kuona theluji. Wajukuu aliwafurahia, lakini alikuwa anamtafuta mwanawe aliyemzaa, kama amenenepa au amekonda, kama macho yamechoka, kama bado anacheka vile vile.

Nikampigia mdogo wangu nikamweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi kwenye baridi hii navaa koti kuukuu, uso umekauka, sitamaniki." Nikamwambia, bibi yetu alipokwenda studio naye alikuwa na watoto sita na usingizi haukumtosha, lakini leo picha ile ndiyo hazina ya nyumba yetu.

Basi kwa nyinyi mlio Kanada, Uingereza, Norway na kwengineko, haya ndiyo niliyoyaokota kwake. Tokeni mchana jua likiwa juu. Wavisheni watoto rangi kali, nyekundu au manjano, waonekane vizuri kwenye weupe. Simu wekeni karibu na mwili, baridi hula chaji. Picha ikitoka ya kijivu ongezeni mwanga, kwa kuwa weupe wa theluji huidanganya kamera. Msimalize robo saa, mtoto mdogo vidole vyake havisubiri. Na kabla ya kurudi ndani, mpe simu baba watoto, au jirani, au iegemeze mahali uweke saa yake, kisha nenda kapige magoti kati ya wanao.

Juzi usiku picha nyengine iliingia. Imepinda kidogo, kidole cha mtu kimeziba pembeni. Mdogo wangu yuko katikati kwenye theluji, mtandio umefunikwa na kofia ya sufi, mdogo amemng'ang'ania shingoni, mkubwa amefumba macho. Mama alikaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Alhamdulillah, amenenepa kidogo," akaomba tukaisafishe dukani, aiweke kabatini karibu na ile ya bibi.