Ubeti Wangu Uliosema Uongo

Shuleni tulifundishwa kwamba mshairi ni jicho la jamii. Mie nilikariri, nikapata alama zangu, nikapita. Hakuna aliyenambia kwamba jicho nalo huweza kuwa na chongo. Hilo nilifundishwa na bibi yangu, kijijini Ole, kisiwani Pemba, siku niliyomsomea shairi langu la kwanza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya 2010, nami nilikuwa na miaka 16. Mfereji wa mtaani kwetu ulikuwa na wiki ya tatu hautoi hata tone. Madumu yalipangwa foleni toka alfajiri, wenyewe wamerudi kulala. Wanawake walikuwa wakishuka bondeni kwenye kisima cha zamani, kile ambacho watu walikiacha tangu mfereji ulipofika. Kwa uchungu wa hali hiyo nikakaa nikaandika. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Kisima kimekauka, ndoo yarudi na tope,
Mawingu yametutoka, mbingu zabaki nyeupe,
Na sisi tumeshachoka, ya Rabi, rehema tupe,
Ole tumefedheheka, hata udhu tusikope.

Hebu tuuhakiki. Kwa upande wa fani, nilijipa alama zote. Ni tarbia, mishororo minne, kila mmoja mizani 16, vina vya kati “ka” na vya mwisho “pe”. Taswira ya ndoo inayorudi na tope nikaiona kali kweli kweli. Nikamwendea bibi, amekaa barazani anasuka ukili. Nikamsomea kwa sauti ya redioni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, “Mjukuu wangu, mawingu yametutoka sie au yamekutoka wewe? Na hiyo inayolia juu ya bati ni nini?”

Ilikuwa masika, msomaji. Mvua ilikuwa inanyesha palepale ninaposoma.

Akaendelea bila hata kuinua uso. Kisima hakijakauka, akasema, kimejaa. Ndoo inarudi na tope kwa sababu mvua imeporomosha udongo ukaingia ndani. Kilichokauka ni mfereji. “Sasa mbona umemsingizia Mungu?”

Nilikasirika. Nikajitetea kwamba huo ni ushairi tu, na kwamba neno “kisima” lina utamu ambao “mfereji” hauna. Lakini usiku sikulala vizuri. Maana swali la bibi halikuwa la fani, lilikuwa la maudhui. Na kila nilivyolichimba lilinipeleka kwenye historia.

Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea. Tunapata masika na vuli, zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mabonde yetu yanalimwa mpunga, vilima vyetu vina mikarafuu. Kisiwa cha namna hii kikiona kiu, basi kiu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Imepita mikononi mwa watu.

Ukitaka ushahidi, nenda Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kwenye magofu yanayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Pale pana kisima, na hadithi yake kila Mpemba anaijua. Wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta kukigawa kisima ili wasionane. Mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka kwa ngazi. Hadithi ni hadithi, siiapii. Lakini mie nikiisikia nashtuka: maji ni yaleyale, kisima ni kilekile, ila njia ya kuyafikia ameipanga mkubwa. Tokea hapo suala si kama maji yapo, ni nani kapewa kamba na nani kapewa ngazi.

Tuje karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka kwetu Pemba. Ushuru wa karafuu ukaingia katika hazina ya serikali kule mjini. Miaka hiyohiyo Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alileta maji ya mabomba kutoka chemchemi mpaka Mji wa Zanzibar. Lilikuwa jambo jema, wala simlaumu kwa kuwapa watu wa mji maji safi, maana kipindupindu kilikuwa kimewamaliza. Nasema tu kwamba mashamba, yaliyobeba karafuu kichwani, yalibaki na kamba na ndoo. Ukuta wa Pujini, nauona, ulirefuka ukavuka bahari.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, maji yalihesabiwa kuwa huduma ya serikali kwa wananchi, bila malipo. Mifereji ikafika vijijini, na visima vya zamani vikaanza kuachwa. Bibi anaikumbuka furaha ile. Ila mfereji si kisima. Kisima kinataka kamba na mkono. Mfereji unataka pampu, pampu inataka umeme, na umeme wa Pemba wakati huo ulitegemea majenereta ya dizeli, mpaka ulipofika waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Mnyororo huo ukikatika pingili moja, mama wa Ole anashuka bondeni na dumu. Na usidhani ni sie peke yetu: Unguja ilipokosa umeme mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, watu wa mjini nao walihangaika na ndoo.

Halafu ikaja Sheria ya Maji ya 2006, iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar, na mwananchi akaanza kuambiwa achangie. Wapo wanaosema maji ni ya Mungu hayauzwi, wapo wanaosema pampu haiendi kwa dua. Bibi yangu, asiyejua kusoma, alikuwa na jibu lake: “Nitalipa. Ila nikilipa, yatoke.”

Basi nikaurudia ubeti:

Masika yaja hakika, mabonde yajaa tope,
Pampu imeharibika, ni nani jibu atupe?
Bibi ndoo ajitwika, kichwa chenye mvi nyeupe,
Ole tumefedheheka, hata udhu tusikope.

Mshororo wa mwisho bibi aliniambia niuache ulivyo. Huo, alisema, ni wa kweli, kwa sababu siku ile ya kwanza yeye mwenyewe alikuwa ametoka kukopa kata ya maji ya udhu kwa jirani, na aliona haya.

Nakiri ubeti wa pili una utamu kidogo kuliko wa kwanza. “Pampu” si neno la kumliza mtu kwenye redio. Lakini wa kwanza unamuachia msomaji kazi moja tu, kuitikia amina. Wa pili unamuachia swali, na swali lina mtu wa kuulizwa.

Vijana wenzangu mnaoandika, tumezoea kuimba ukame kwa sababu ukame hauna mwenyewe. Hakuna atakayekuja kukugombeza kwa kuyalaumu mawingu. Sisemi usiombe dua katika ushairi. Washairi wakubwa wa Pemba, kina Kamange na Sarahani, walituachia fani pana yenye nafasi ya kila kitu. Nasema kabla hujaandika mbingu nyeupe, toka nje uangalie. Kisha msomee aliyebeba ndoo, usikie atakuuliza nini.