Tembo la Pumwani na Tembo wa Ruaraka: Nyumba za Pombe katika Historia ya Nairobi

Neno 'tembo' lina maana mbili ambazo wanakamusi huzitenga kwa tarakimu, kana kwamba ni maneno mawili yaliyokutana kwa sura tu. La kwanza ni jina la mnyama mwenye mkonga, ambaye pia huitwa ndovu. La pili ni jina la kileo kigemwacho katika mnazi, nalo huchukua upatanisho wa 'li', kama isikikavyo katika methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Pwani, tofauti hii haimtatizi mtu. Walakini huko bara, na hasa Nairobi, kila moja la maneno haya lilipewa kazi mpya katika miaka ile ile, na kazi hizo mbili zilihusu jambo moja: ni nani apike pombe ya mji, na ni nani aketi wapi kuinywa. Historia hiyo imeandikwa zaidi na wanasheria na wanahistoria wa uchumi kuliko na watu wa lugha; kwa hiyo yafaa ifuatwe hapa kwa njia ya maneno yake.

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kituo cha reli, na haikuwa na minazi. Ilikuwa na wanaume wengi walioletwa kufanya kazi bila wake zao, ambao baada ya kazi walihitaji chakula, mahali pa kulala, na kileo. Waliowapatia mahitaji hayo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake wa vijiji vya Waafrika vilivyozuka kando ya mji, kama vile Pangani, na baadaye Pumwani. Utafiti wa Luise White uliochapishwa mwaka 1990 umeonyesha jinsi baadhi ya wanawake hao walivyojikusanyia mali hata wakamiliki nyumba zao wenyewe. Pombe waliyopika haikutoka mtini. Wakikuyu walijua muratina, uchachushwao kwa tunda la mti wa jina hilo hilo pamoja na asali au maji ya miwa. Watu wa magharibi walikuja na busaa.

Busaa yastahili kuelezwa kwa utuo, maana wengi huitaja bila kuijua. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati au chombo kipana mpaka ubadilike rangi na kutoa harufu kama ya mkate. Hapo hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililoloweshwa likaota, likakaushwa na kusagwa. Baada ya siku mbili tatu hupatikana kinywaji kizito chenye uchachu, ambacho huchujwa na kunywewa. Kazi ya kimea ni kuugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate cha kula, na ndiyo kazi ile ile ifanywayo na kimea cha shayiri katika bia ya Ulaya. Kwa upande wa elimu, basi, mama wa Pumwani na mtengenezaji bia wa Ulaya walikuwa wa fani moja. Tofauti kubwa ilikuwa hopsi, mmea uipao bia uchungu na kuihifadhi isiharibike upesi. Busaa haina hopsi, kwa hiyo haisafiri. Ni lazima inywewe pale ipikwapo au karibu napo, ingali hai. Nyumba ya mpishi ndiyo nyumba ya wanywaji, haikuwezekana kuzitenga.

Hata hivyo kuzitenga ndiko kulikokusudiwa. Mwaka 1908 koloni ya Natal ilipitisha sheria iliyoruhusu mabaraza ya miji kujitwalia haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na mji wa Durban ukaanza kuitumia mwaka uliofuata. Faida ilikuwa nono mno hata mpango wenyewe ukaitwa kwa jina la mji huo. Nairobi iliuiga mwanzoni mwa miaka ya 1920: manispaa ilifungua ukumbi wake Pumwani, ikapika pombe yake, ikaweka bei yake, na mapato yakaingizwa katika mfuko wa maslahi ya Waafrika. Hivyo mfanyakazi alijigharimia huduma zake kwa kunywa, na aliyemgharimia zaidi mwenzake ni yule aliyelewa zaidi. Mwanamke aliyeendelea kupika nyumbani akawa mhalifu. Polisi walivamia, mitungi ikavunjwa, pombe ikamwagwa chini, na mwenyewe akatozwa faini au kufungwa.

Katika lugha ya maofisa, pombe hiyo iliitwa 'tembo', hata kama ilikuwa ya mahindi au miwa na hata kama mnywaji hakuwa amepata kuuona mnazi maishani mwake. Neno la Pwani liling'olewa mtini likawa jina la kisheria la kileo chochote cha Mwafrika. Mabadiliko kama haya ya maana hutokea katika lugha zote, bila shaka. Lakini aghalabu hutokea sokoni na majumbani, na ni nadra kuletwa na karani.

Wakati huo huo upande wa pili wa mji ulikuwa na nyumba zake. Hoteli ya Stanley ilianza mwaka 1902, na ya Norfolk ikafunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Norfolk ilikuwa na veranda mashuhuri ambapo walowezi walikunywa wakitazama barabara. Tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika jirani na hapo, mbele ya kituo cha polisi, kudai Harry Thuku aachiliwe, ulipigwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Hesabu za Waafrika zilikuwa kubwa kuliko hiyo, na imesimuliwa mara nyingi kwamba baadhi ya walowezi wa veranda ile walifyatua bunduki pia. Ni vigumu kuandika juu ya baa za Nairobi kana kwamba zilikuwa mahali pa starehe tu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 8 Desemba, iliandikishwa kampuni ya Kenya Breweries, ambayo mtambo wake ulikuwa Ruaraka. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo alipokuwa akiwinda mwaka 1923, na bia ya kampuni ikaitwa Tusker, yaani mwenye pembe, ikiwa na picha ya mnyama huyo. Hivyo katika muda wa miaka michache Nairobi ilipata tembo la Pumwani, lililopikwa kwa ajili ya Waafrika, na tembo wa Ruaraka, ambaye Mwafrika hakuruhusiwa kumgusa. Kwamba majina hayo yalikutana katika Kiswahili ni sadfa tupu, wala hakuna ushahidi kwamba waliochagua jina la Tusker waliifikiria lugha hii hata kidogo. Sadfa hiyo, hata hivyo, yaeleza mpangilio wa mji vizuri kuliko ramani.

Marufuku ya bia ya chupa kwa Waafrika iliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe kali, iliyokuwa imebanwa na mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain ya 1919, ilikawia zaidi. Kutokana na hapo ndipo lugha ikajenga tofauti ambayo bado ipo: 'kilabu' ni pahali pa pombe ya kienyeji, na 'baa' ni pahali pa bia ya chupa. Maneno yote mawili ni ya Kiingereza kwa asili, lakini heshima zake zilikwisha kugawanywa. Nayo bia ya chupa haikupokewa kwa shukrani tu. Katika miaka ya 1953 na 1954 Mau Mau waliwakataza watu wa Nairobi kuinywa, pamoja na kupanda mabasi na kuvuta sigara za kampuni za Wazungu.

Uhuru haukumrudisha mpishi nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 1971 iliweka pombe za kienyeji chini ya leseni, na ya 1980 ikaipiga marufuku chang'aa kabisa. Chang'aa ni ya mvuke, wala si ya kuchachushwa tu. Ujuzi wake Nairobi umehusishwa sana na Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Kisudani, na jamaa yake wa Uganda aitwaye waragi anaelekea kulichukua jina lake kutoka 'araki' ya Kiarabu. Muuzaji wake akaitwa 'mama pima', kwa kuwa humpimia mteja kwa kikombe. Biashara iliyosukumwa gizani haikosi kuzaa madhara: mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru kwa kunywa pombe yenye sumu, iliyojulikana kama 'kumi kumi' kwa sababu ya bei yake. Mwaka 2004 kampuni ya Ruaraka ilileta bia ya Senator ya mapipa, iliyopunguziwa ushuru ili kuwavuta wanywaji wa vileo hivyo. Hatimaye sheria ya 2010, iitwayo na wananchi 'sheria ya Mututho', ilifuta ile ya 1980 na kuihalalisha chang'aa. Lakini ilidai leseni, viwango, na chombo kisichopungua mililita 250. Mama pima mwenye dumu na kikombe hakuwa amefunguliwa mlango wowote.

Mnamo mwaka 2009 ilifunguliwa katika Ngong Road baa iitwayo Brew Bistro, iliyojipikia bia yake yenyewe chini ya jina la Big Five, yaani wale wanyama watano wakubwa wa wawindaji. Tembo akarudi tena. Zikafuata nyingine, na viwanda vidogo kama Bateleur na 254. Siku hizi mgeni mwenye fedha huweza kuzitembelea nyumba za namna hii moja baada ya nyingine, Westlands na kwingineko, akionja bilauri ndogo ndogo za bia nzito zisizochujwa sana. Sifa anazoelezwa ni hizi: imepikwa papa hapa, kwa kiasi kidogo, na mtu anayejulikana, ingali hai, na haikusafiri. Hizi ni sifa za busaa, neno kwa neno. Si kosa la wapishi hao wapya, ambao wengine wana ustadi wa kweli, na ushuru wanaolipa si mdogo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kupika pombe papo inapoendea kunywewa ndilo lililokuwa kosa la wanawake wa Pangani. Hata neno 'kienyeji' limegawanyika vivyo hivyo: kuku akiwa wa kienyeji bei yake hupanda, pombe ikiwa ya kienyeji huitiwa askari.

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la kinywaji hiki kipya. Wako wanaosema 'bia ya ufundi', tafsiri ambayo ina kasoro ya kudokeza kwamba bia nyingine zote, na busaa pamoja nazo, hazina ufundi. Jina la mpishi ni gumu zaidi. Magazeti ya Kiswahili yaripotipo misako ya chang'aa katika Mathare au Korogocho huwaita waliokamatwa 'wagema', ingawa hakuna aliyepanda mti. Anayesimamia mitambo ya Westlands huitwa mtaalamu, au mwekezaji. Mwanakamusi wa toleo lijalo atalazimika kuamua iwapo mgema ni yule apandaye mnazi peke yake, au pia yule amkimbiaye askari, na iwapo ni hao wawili, kwa nini asiwe na yule asimamaye nyuma ya kioo, mbele ya wateja, akikoroga kimea chake.